Jiwe Geni la Tetu

Mwaka huo sikuweza kukaa kitini hadi kikombe cha chai kiishe. Kibanda changu cha kutengeneza mizani kiko mtaa wa nyuma katika mji wa Nyeri, na meza yangu ina urefu wa mita mbili. Upande wa kulia huwa pana mizani iliyofunguliwa: springi, ndoana, uso wa namba, skrubu ndani ya kifuniko cha chupa. Upande wa kushoto palikuwa na dunia ya kale. Niliikata kutoka kwenye katoni za sabuni: bara la Gondwana kipande kimoja kikubwa, na kandokando ya ukingo wake wa kaskazini vipande kumi na kimoja vidogo, vingine havizidi kiganja cha mkono. Hivyo vidogo ndivyo vilivyoninyima raha. Nilikuwa nakaza skrubu mbili, nainuka, nasogeza kipande sentimita moja magharibi, narudi kwenye skrubu, nainuka tena.

Jirani yangu, aliyezaliwa Majengo papo hapo Nyeri na anayeuza vitambaa mlango wa pili, alisimama kizingitini kila asubuhi baada ya kufungua duka lake.

"Bwana Mizani, bara lako limefika wapi leo?"

"Jana nilikosea. Hiki si cha kwanza kutoka."

"Subhanallah. Kimetulia mamilioni ya miaka, na wewe bado unakisumbua."

Nieleze kilichokuwa kikinisumbua, maana si jambo gumu. Gondwana lilikuwa bara lililobeba Afrika, Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika zikiwa zimeshikana. Nchi kavu ilikuwa bado haina nyasi wala mnyama. Kwenye ukingo wa kaskazini sakafu ya bahari ilikuwa ikizama chini ya bara, na ilipozama zikaota volkeno, nazo volkeno zikajenga ukanda wa ardhi mpya. Baadaye ukanda huo ukaanza kuraruka. Kipande kimoja baada ya kingine kiliachana na bara, bahari mpya ikafunguka nyuma yake, na kipande kikaenda zake polepole, kama kucha inavyoota, mpaka kikagonga bara jingine na kuganda hapo. Wataalamu huviita mabara madogo. Mimi niliviita vibara. Kusini mwa Uingereza, sehemu kubwa ya Ufaransa na Uhispania, na pembe ya mashariki ya Kanada ni vibara vya namna hiyo. Mtu wa huko anachimba msingi wa nyumba yake na sururu inagonga mwamba uliozaliwa ubavuni mwa Afrika.

Mashahidi ni watatu. Wa kwanza ni zirkoni, chembe ndogo ngumu inayohifadhi umri wake hata mwamba wake ukisagika na kupikwa upya. Wa pili ni sumaku: lava inapopoa, chembe zake za chuma hulala zikielekea ncha ya dunia ya siku hiyo na kubaki hivyo, kwa hiyo zinaweza kusema mwamba ulipoa mbali kiasi gani na ncha hiyo. Wa tatu ni visukuku vya wanyama wa baharini, ambao kwenye vibara vilivyokuwa jirani walifanana, na vibara vilipoachana wakaanza kutofautiana. Taabu ni kwamba mashahidi hawa hawakubaliani juu ya mpangilio. Kipi kilitoka kwanza? Kipi kilitoka pamoja na kipi? Kipi hakikutoka kabisa, bali kilivutwa tu kama ngozi na kubaki kimeshikilia? Kila makala niliyosoma ilinifanya nihamishe vipande.

Niliacha shule kidato cha pili. Nilichojua juu ya mambo haya nilikipata kwa simu, kamusi na madaftari. Nilikuwa na utaratibu wangu: ukurasa wa kushoto niliandika nilichosoma, wa kulia nilichokiona kwa macho yangu. Baada ya miaka minane kurasa za kushoto zilikuwa zimejaa na za kulia zilikuwa karibu tupu. Nauli ya kwenda Ufaransa sikuwa nayo. Kila nilipofungua daftari, ule weupe wa upande wa kulia uliniwasha kama upupu.

Hata hivyo huku kwetu kuna hadithi ya aina ileile, tena ya zamani zaidi. Gondwana lenyewe liliungwa kutoka pande mbili, na zilipokutana ziliponda katikati yake visiwa na vibara vilivyokuwa ndani ya bahari iliyofungwa. Mshono wa ajali hiyo unapita Kenya. Ukishuka kutoka Kutus kuelekea tambarare za Mwea na kuendelea, udongo mwekundu wa Mlima Kenya unakwisha na unaanza kuona mawe ya mistari, meupe na meusi, yaliyopikwa na kukunjwa kule chini. Lakini Nyeri, Tetu na Karatina hakuna mawe hayo. Mlima ulikuja juzi tu, kwa hesabu za mawe, ukamwaga lava juu ya kila kitu. Chini yetu kuna kibara gani, au vipande vya vibara vingapi? Katika yote niliyoyasoma, sikukutana na mtu aliyekuwa ameshika mkononi jiwe lililotoka chini ya mlima.

Mwezi wa tatu mradi wa maji ulifikisha bomba kwenye barabara iliyo juu ya shamba la mama yangu, Tetu. Desturi ya mradi ni kwamba kila boma linajichimbia mtaro wake, kina cha magoti, na asiyechimba hapewi maji. Mama alikuwa kwa dada yangu Kutus, akitibiwa macho, na alikuwa amekaa huko wiki ya sita. Basi nilifunga kibanda Jumamosi nikaenda kuchimba.

Nilianzia kwenye majani chai nikishuka kuelekea jikoni. Udongo wa Tetu ni mwekundu na mwepesi, na jiwe unalokutana nalo ni la mlima, jeusi au la kijivu, na hutoa sauti kavu. Mita kumi na tisa kutoka barabarani jembe lilitoa mlio mwingine. Nilipiga magoti nikaondoa udongo kwa mikono. Lilikuwa jiwe la mistari. Myeupe, myeusi, myeupe, na ndani ya mistari hiyo chembe nyekundu kama punje za wimbi. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, nikasimama, nikakaa tena. Kisha nikafanya kosa la kwanza. Nilikwenda kuchukua nyundo nikavunja pembe moja ili nione ndani, kwa sababu vitabu vyote husema uso wa nje wa jiwe hudanganya.

Lilikuwa na uzito wa kilo ishirini na sita na nusu. Nililipima siku ileile kwenye mizani yangu mwenyewe, baada ya kulipeleka mjini ndani ya gunia. Lilikuwa na mambo mawili ya ajabu, na nikayaandika. Kwanza, uso wake mmoja ulikuwa laini kabisa, umebonyea kidogo katikati. Pili, kwenye ukingo mmoja kulikuwa na ukoko mweusi.

Niliyaeleza yote mawili. Volkeno inapopanda hung'oa vipande vya mwamba wa chini na kuvitapika juu pamoja na lava. Ukoko mweusi, basi, ulikuwa mabaki ya lava iliyolibeba jiwe. Uso laini ulikuwa umesuguliwa na mwendo wa ardhi: mahali ambapo mwamba mmoja huteleza juu ya mwingine kwa maelfu ya miaka, pande zote mbili hung'aa. Kwa hiyo nilikuwa na kipande cha kile kilicho chini ya mlima, na kipande hicho kilikuwa kimetoka kwenye mshono wenyewe, pale kibara kimoja kiliposuguana na kingine. Niliandika hayo kwenye ukurasa wa kulia, mistari ishirini na mitatu, kwa kalamu ya wino.

Chini ya makala moja nilikuwa nimeona anwani ya mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke anayechunguza miamba ya tambarare. Nilimwandikia na kumtumia picha tisa. Wiki mbili sikulala vizuri wala kula vizuri. Mteja mmoja wa Karatina, mwenye kuuza viazi, alinirudishia mizani akisema inaonyesha nusu kilo kabla hajaweka kitu.

"Fundi, hii mizani yako inapima upepo?"

Haikuwahi kunitokea tangu nianze kazi.

Jibu lilipokuja lilikuwa na mistari mitatu. Angepita Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano akielekea tambarare na wanafunzi wawili. Kama jiwe kweli limetoka chini ya mlima, wangelikata, watafute zirkoni, na mahali pake pangeingia kwenye ramani yao. Mwishoni aliandika: naomba usilisogeze lilipo.

Lilikuwa kwenye meza yangu, juu ya bahari.

Nilikuwa na vipimo vyote. Nililirudisha Tetu, nikafunga kamba kutoka barabarani, nikahesabu mita kumi na tisa, nikalilaza kwenye shimo lake, uso laini juu, pembe iliyovunjika upande wa mlima, na kulisawazisha kwa pima maji. Jirani yangu nilimweleza hayo nikidhani ataona jinsi nilivyokuwa mwangalifu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umeliiba halafu umelirudisha kulala kitandani, na shuka umelifunika?"

Udongo kidogo nilikuwa nimelifunika, ndiyo.

Mama alirudi Alhamisi, siku mbili kabla ya ugeni. Dada yangu alimpandisha gari Kutus, nami nikampokea Nyeri na kumfikisha nyumbani. Jicho moja lilikuwa bado na kitambaa. Tunazungumza Kikuyu nyumbani, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili changu, ingawa aliyatia makali zaidi. Alitaka kuona mtaro kabla ya kuvua koti. Alitembea pembeni mwake akiuchunguza kwa jicho moja, akilalamika kwamba haujanyooka, mpaka alipofika mita ya kumi na tisa. Hapo alisimama.

"Baba, hili umelitoa wapi?"

"Hapo hapo. Usilishike, mama. Kuna watu wanakuja kuliona Jumamosi. Limetoka chini ya mlima."

"Limetoka chini ya nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kuanzia Gondwana. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni, mikono tumboni. Nilipofika kwenye uso uliosuguliwa na mwendo wa ardhi, aliinama, akafuta udongo kwa upindo wa leso, na kupitisha kiganja juu ya ule ubonyevu, mbele, nyuma, mara tatu.

"Ati ardhi," alisema. "Ardhi imesugua. Baba, hii ni mikono ya nyanya yako."

Nilikitazama kiganja chake.

"Ni jiwe lake la kusagia. Ngoja."

Alikwenda jikoni. Nikasikia akivuta kitu na mlango ukijifunga kwa kishindo. Alirudi na jiwe dogo refu kama mkate, lile linalozuia mlango wa jiko usifungwe na upepo. Nimelikanyaga, nimelisogeza kwa mguu, nimejigonga kidole nalo tangu utotoni. Lilikuwa jeusi kwa moshi. Alilipangusa kwa mate na leso, mistari ikatokea. Myeupe, myeusi, chembe nyekundu. Kisha akapiga magoti kwenye mtaro, kwa koti lake la safari, akaliweka kwenye ubonyevu wa jiwe kubwa. Lilikaa. Hakukuwa na nafasi ya kuingiza ukucha.

Watu wa kwanza waliosema mabara yalitembea walianza na jambo hilohilo: ukingo wa huku uliingia kwenye ukingo wa kule. Nilikuwa nimesoma hivyo mara nyingi. Sasa nilikuwa nimelishuhudia, na ushahidi ulikuwa dhidi yangu.

"Na huu weusi?" niliuliza. "Huu ukoko?"

"Kwaruza."

Nilikwaruza kwa ukucha. Kidole kikawa cheusi. Yalikuwa masizi ya mekoni. Kwa wiki tisa nilikuwa na jiwe hilo, nimelipima uzito, urefu, upana na pembe, na sikuwa nimelikwaruza.

Mama alinieleza akiwa bado amepiga magoti. Mama mkwe wake, yaani nyanya yangu, aliolewa Tetu kutoka nchi ya chini, huko chini ya Kutus. Alipofika hakupenda mawe ya huku. Alisema yanaacha mchanga kwenye unga na kula meno ya watoto. Akarudi kwao, akaja na jiwe lake mgongoni, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso, dada yake mmoja akimpokea mzigo njiani. Wakati ule serikali ya kikoloni ilipowaondoa watu mashambani kwa nguvu na kuwarundika vijijini, walipewa siku moja tu. Jiwe dogo alilitia kwenye kikapu. Kubwa akalifukia nyuma ya nyumba. Waliporuhusiwa kurudi, nyumba ilikuwa imechomwa, mashamba yamepimwa upya, miteremko imekatwa matuta, na hakuna aliyejua tena nyuma ya nyumba ni wapi.

"Nilipoolewa nilimkuta bado analitafuta," mama alisema. "Mvua ikinyesha anatoka na fimbo, anadunga udongo. Watu walidhani ana wazimu. Alikufa hajalipata." Kisha aliona pembe iliyovunjika. Aliipapasa. "Hii ni mpya. Nani amevunja?"

"Mimi."

Lazima nieleze kitu kimoja. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake, baba wa baba, na kwa hiyo nyanya yangu hakuniita kwa jina langu. Aliniita mume wangu. Nilikuwa na miaka tisa alipofariki, na mpaka siku hiyo alikuwa akinituma: mume wangu, niletee maji, mume wangu, kuku wameingia kwenye mahindi.

Mama alinitazama kwa jicho lake moja zima.

"Miaka yote hiyo amelitafuta," alisema, "na bwana yake mwenyewe ndiye aliyelipata, akalipiga nyundo."

Ijumaa nilifungua kibanda na sikutengeneza kitu. Jirani alikuja na swali lake la kila asubuhi, akaona uso wangu, akaingia na kukaa. Nikamsimulia. Safari hii hakucheka sana.

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Anakuja kesho."

"Mama yako anajua Kiswahili?"

"Kidogo. Cha sokoni."

"Basi nyamaza." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayenishauri juu ya ndoa. "Lile pande ulilovunja unalo?"

Lilikuwa kwenye mfuko wa koti. Nililitoa.

"Mpe hilo. Halina uso laini, halina masizi. Jiwe kubwa lipeleke ndani. Mwambie limetoka mtaroni. Ni uongo? Si limetoka mtaroni kweli? Jirani, mimi nimekuona miaka minane. Unasogeza karatasi. Sasa mtu wa chuo anakuja mlangoni kwako, na wewe utamwambia ni la bibi la kusagia wimbi?"

Aliporudi dukani kwake nililiweka pande lile kwenye mizani ndogo. Gramu mia moja na arobaini. Alikuwa amesema kweli: kila neno ambalo ningelitamka lingekuwa sahihi. Jiwe lilitoka mtaroni, Tetu, mita kumi na tisa kutoka barabarani, kina cha magoti. Wangekata, wangepata zirkoni, na zirkoni zingewapa umri wa miamba ya tambarare, na kwenye ramani ya chini ya mlima pangewekwa nukta. Watu wangejenga juu ya nukta hiyo. Mtu mwingine kama mimi, katika kibanda kingine, angesogeza kipande cha katoni kwa sababu yake. Na nukta ingekuwa yangu. Nilitembea kutoka kibandani hadi soko la juu na kurudi mara nne. Sikununua kitu. Nilikuwa nikiupanga usemi wa kusema na usemi wa kutosema, na zote mbili zilikuwa na urefu uleule.

Walifika Jumamosi saa nne asubuhi, kwa gari lenye matope hadi madirishani. Mhadhiri alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, kofia ya jua, mkono mkavu wa mtu wa nyundo. Wanafunzi walikuwa msichana na mvulana.

"Mzee, habari ya asubuhi? Ndiyo wewe wa zile picha?"

"Ndiyo mimi, mwalimu. Karibuni."

"Picha zako ziko na skeli. Ziko na mwelekeo wa kaskazini. Hata hawa wangu hawanifanyii hivyo." Alifungua ramani kwenye boneti ya gari. Juu ya Tetu palikuwa na duara dogo la penseli na alama ya kuuliza. "Hii ndiyo wewe."

Sijui nilitazama duara lile kwa muda gani. Mvulana alikuwa ameshatoa mifuko ya sampuli na kalamu ya kuandikia juu yake. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umelishika pande lile, na joto la mkono lilikuwa limelipasha. Mama alikuwa ametoka jikoni na amesimama kwenye mtaro, akizuia njia kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Mwalimu," nilisema, "kabla hujashuka. Jiwe si la mlima. Lililetwa na mtu."

Nilimweleza kwa mpangilio: uso laini, masizi, jiwe dogo, ndoa. Nilisema tarehe niliyolitoa, siku nilizolihifadhi mjini, na kwamba nililirudisha kwa vipimo. Sikuacha kitu. Ilichukua kama dakika sita. Yeye hakuandika. Alishuka mtaroni, mama akamwachia njia baada ya kufikiri kidogo, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye ubonyevu vilevile kama mama alivyofanya.

"Hmm," alisema. "Huku kumelainika zaidi. Alikuwa anasukuma na mkono wa kulia."

"Kulia," mama alisema kwa Kiswahili chake. "Hiyo ingine iliumia."

Mhadhiri alisimama na kupangusa mikono. "Mzee, nitasema ukweli. Hii haitusaidii. Jiwe bila mahali pake ni jiwe tu. Miamba ya huko chini tuko na ramani yake."

"Najua."

"Lakini kama ungenyamaza," alimwelekezea mvulana kidole, "huyu angeandika thesisi mzima juu ya bibi yako."

Msichana alicheka kwa sauti. Mvulana alitazama viatu vyake, kisha mifuko aliyokuwa ameiandika tayari.

Mhadhiri alirudi kwenye gari, akatoa kifutio, akafuta duara. Alifuta kwa uangalifu, akipuliza vumbi la kifutio lisiingie kwenye mkunjo wa ramani. Karatasi ilibaki na weupe kidogo mahali hapo. Nilikuwa nimejiandaa kuona uchungu, na uchungu ulikuwapo, lakini mama hakunipa nafasi ya kukaa nao.

"Waambie hawa watoto wabebe jiwe waingize jikoni," alisema. "Wana nguvu na wamekunywa chai ya kwao tu."

Wanafunzi walilibeba. "Shosho, weka wapi?" walimuuliza, wakimwita bibi. Hapa. Si hapa. Geuza. Mama alitaka anayesaga aelekee mlango, aone anayeingia. Walilizungusha mara tatu. Mhadhiri alisimama nje akitazama saa, kisha akauliza, kwa adabu tu nafikiri, "Shosho, huyu mama mkwe alitoa hii jiwe wapi hasa?"

"Huko chini."

"Chini wapi?"

Mama alifikiri. Alinitazama mimi, kana kwamba mume wa mwenye jiwe ndiye anayepaswa kujua. "Kuna mto," alisema. "Kulikuwa na mwamba mkubwa kando ya mto, wanawake wanachonga. Jina sikuuliza."

Wala mimi sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimetumwa maji na kuku kwa miaka mingi, na sikumuuliza chochote.

Gari liliondoka saa tano na nusu. Jumapili nilimaliza mtaro. Jumatatu nilifungua kibanda, nikajibu swali la jirani, nikatengeneza mizani ya mwenye viazi bila kumtoza, na kufikia saa nne nilikuwa nimeinuka mara saba. Nilifunga. Nikalitia pande lile mfukoni nikapanda gari la Karatina, na kutoka Karatina la Kutus, na nilipofika Kutus sikwenda kwa dada yangu. Nilishuka kwa miguu kwenye barabara ya kwenda tambarare. Udongo ulianza kupauka. Kwenye daraja la kwanza palikuwa na mwanamke mzee akiuza ndizi, nikamsalimia, nikamwonyesha jiwe, nikamuuliza kama anajua mwamba kando ya mto ambapo zamani wanawake walikuwa wakichonga mawe ya kusagia.

Aliligeuza kwenye mwanga. Alinitazama viatu, koti, na tena jiwe.

"Wewe umetoka wapi?"

"Nyeri."

"Umetoka Nyeri ukitafuta jiwe ya kusaga?" Alinionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. "Mashini ya kusaga posho iko hapo."

Nilimshukuru, nikanunua ndizi nne, na kuuliza daraja linalofuata liko umbali gani.